Utukufu wa Bedsita ya Kisasa

Wako watu, na si wachache, ambao hadi leo wanaamini kwamba nyumba ni mahali pa kuingia jua. Utawasikia wakiulizia madirisha yanatazama upande gani, utawaona wakipapasa ukuta kutafuta unyevu, na wengine huthubutu kumuuliza msimamizi wa ploti iwapo maji hutoka kila siku. Watu hawa nawahurumia. Walilelewa katika nyumba zenye hewa, wakazoea, na sasa hawawezi kuyatambua maendeleo hata yakiwagonga kichwani wanapoingia mlangoni, kwa kuwa mlango wenyewe uko chini kidogo.

Nimeona ni haki niwatetee waliotukanwa vya kutosha. Nawakusudia wenye ploti wa Pipeline, Tassia, Kayole, Umoja na Huruma. Nawakusudia mafundi wa jipsamu wanaopanda ngazi na bodi kichwani. Na nawakusudia wapangaji wenzangu, ambao bila hiari yao kazi hii isingekamilika. Kwa ushirikiano wa hawa watatu, Eastlands imeipa dunia bedsita ya kisasa: chumba kimoja chenye choo chake, taa zake za rangi, dari yake ya ngazi tatu na ukuta wake wa televisheni. Majarida ya mapambo ya Ulaya bado yanahangaika na nyumba zenye vyumba vingi, ambamo mtu akiacha miwani yake hulazimika kuitafuta. Sisi hatutafuti kitu. Kila tulicho nacho tunakiona, na kingi tunakigusa.

Ili kupima tulikotoka, pitia Kaloleni, karibu na Barabara ya Jogoo. Mtaa huo ulijengwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilipoanza kukubali kwamba Mwafrika wa Nairobi huenda akawa na mke na watoto. Wasanifu wake walikuwa wamelewa fikra za miji ya bustani kutoka Uingereza, na matokeo yake yanasikitisha: nyumba za mawe zisizo na ghorofa, miti mikubwa, nyasi katikati, na ukumbi wa kijamii. Mtoto wa Kaloleni anaweza kukimbia hadi achoke bila kugongana na pikipiki, na mama yake akamwona kutoka dirishani. Hesabu ya haraka inaonyesha hasara. Palipo na kivuli cha mti mmoja pangesimama wapangaji 80, kila mmoja na amana yake.

Buruburu waliendeleza ukaidi uleule miaka ya 1970. Walijenga nyumba za familia kwa awamu, vigae vyekundu juu, ua mdogo mbele, vichochoro vya watoto kuchezea. Afadhali wakazi wenyewe waliamka. Mmoja alijenga duka kwenye ua, jirani akamjibu kwa ghorofa tatu, na leo ukitaka kuuona ua aliouchora msanifu utaukuta ndani ya saluni, chini ya kiti cha pili kutoka mlangoni.

Lakini mfano wa kuigwa ni Umoja. Nyumba za kwanza za Umoja, zilizojengwa miaka ya 1970 kwa fedha za Wamarekani, zilikuwa za kuanzia tu. Mwenye nyumba aliruhusiwa kuongeza chumba familia ikiongezeka. Dandora nako, mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1975 ulizaa viwanja 6,000, kila kimoja na choo na bomba, na mwananchi akaambiwa ajijengee mengine kadiri ya uwezo wake. Watu wa Umoja Innercore walilitii agizo la kuongeza kwa uaminifu ambao serikali haijapata kuuona katika jambo jingine lolote. Waliongeza chumba, wakaongeza kingine juu yake, na hawajaacha kuongeza hadi leo. Bomba la majitaka lililowekwa kwa ajili ya familia moja sasa linahudumia jengo zima, na likilemewa hutoka lenyewe barabarani kusalimia. Ni wapi kwingine umeona miundombinu ikishuka hadhi kuja kukutana na wananchi?

Wageni nao wametutambua. Marie Huchzermeyer, mtafiti wa Afrika Kusini, alichapisha mwaka 2011 kitabu kizima akizilinganisha fleti zetu za kupangisha na zile za Berlin ya karne ya 19. Ni heshima kubwa, ingawa kwa maoni yangu ulinganisho wenyewe unawabeba Wajerumani. Kanuni za ujenzi za Berlin za mwaka 1853 zilitaka kila jengo liache ua wa takriban mita 5.3 kwa 5.3, kusudi pampu ya wazimamoto iweze kugeuka. Fikiria ubadhirifu huo! Pipeline imelimaliza suala hilo tangu msingi: gari la zimamoto halihitaji kugeuka mahali ambapo haliwezi kuingia.

Kati ya jengo na jengo tumeacha nafasi ya mkono kupita. Mpangaji wa ghorofa ya nne akiishiwa chumvi huchungulia dirishani akaipokea kutoka jengo la pili. Wataalamu huandika makala ndefu wakilia kwamba ujirani unakufa mijini, waje kwetu. Mimi najua jirani yangu huamka saa ngapi, najua anavyokohoa, najua anadaiwa na nani na kiasi gani, na najua uongo anaompa mdai huyo kwenye simu. Yeye pia anayajua yangu. Wala hatujawahi kusalimiana.

Ndani ya jengo, ukumbi wa kupitia ni mweusi saa sita mchana, na chumbani ni vivyo hivyo. Hapa ndipo hekima ya usasa inapojidhihirisha. Jua, tukubali, ni taa isiyo na adabu: huingia asubuhi bila kubisha, hupausha pazia, huanika vumbi lote mbele ya wageni, na halizimiki kwa rimoti. Taa ya LED iliyofichwa pembeni mwa dari hufanya unachotaka. Ni ya zambarau ukipokea mgeni wa heshima, ya kijani ukitaka utulivu, ya buluu ukipiga picha. Mpangaji anayenunua tokeni za stima ili auone mswaki wake saa saba mchana anajua thamani ya mwanga. Mtu wa Kaloleni, anayeupata bure, atajulia wapi?

Nimeitaja dari. Sasa niisemee kwa kirefu, maana ndiyo roho ya bedsita.

Jipsamu ni unga wa mawe uliobanwa kati ya karatasi mbili. Fundi huning'iniza fremu za bati jepesi, akazikazia bodi kwa skrubu, akaziba maungio kwa utepe na pasta, kisha akapiga msasa hadi jengo zima likohoe. Pembeni huchonga ngazi mbili tatu za kufichia utepe wa taa, na katikati huacha duara au ua, kulingana na picha aliyoonyeshwa kwenye simu. Chumba kilichokuwa na kimo cha futi 9 kinabaki na 8, na mtu mrefu anajifunza unyenyekevu. Ni kweli kwamba hewa nayo inapungua. Hewa hiyo ilikuwa ya bure, na cha bure hakikosi kasoro.

Fadhila ya kwanza ya jipsamu ni kusitiri. Bila hiyo, mpangaji angeziona nyaya za stima zilivyofungwa kwa karatasi ya nailoni. Angeziona nondo zikichungulia kwenye zege. Angeliona bomba la choo cha ghorofa ya juu likipita moja kwa moja juu ya mto wake. Kuona mambo haya humsumbua mtu bure, naye hana uwezo wa kuyabadilisha. Jipsamu humrudishia usingizi. Nyumba ya zamani ilirekebishwa palipoharibika. Nyumba ya kisasa hupambwa palipoharibika, njia ambayo ni ya haraka zaidi na hutoa picha nzuri zaidi. Mwenye ploti akishaelewa kanuni hii hana tena haja ya fundi bomba. Humwita fundi wa jipsamu, akaongeza kodi, na pande zote mbili zikaridhika.

Fadhila ya pili ni sanaa. Bomba lile la juu likianza kuvuja, na huanza, maji hayamwangukii mpangaji kwa ukatili. Jipsamu huyapokea, huyatafakari siku mbili tatu, kisha huyaandika darini. Kwangu yalijitokeza kwanza doa dogo la rangi ya strungi. Baadaye likapata mpaka wa kahawia iliyokolea, likatoa ghuba na visiwa, na mgeni wangu mmoja kutoka Kisumu akalitambua mara moja kuwa ni Ziwa Victoria, akanionyesha hata mahali palipo nyumbani kwao. Ziwa liliendelea kupanuka hadi likaifikia taa ya pembeni, nayo ikaanza kuwaka na kuzima yenyewe, kitu ambacho katika vilabu vya Westlands watu hulipia kiingilio.

Nilimwita msimamizi aje afurahi nami. Aliinua uso akatazama kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Hiyo haitoki kwetu, mzee," akasema. "Ni huyo wa juu. Ameoga sana."

"Na itakuwaje?"

"Itakauka. Ikikataa kukauka tunapaka."

Ilikataa, wakapaka. Rangi nyeupe ilipokauka ziwa lilikuwa limetoweka, na baada ya mvua za masika likarudi, safari hii likiwa na mito. Nani kati yetu amepata kumiliki mchoro unaojiongeza thamani wenyewe?

Kuna na fadhila ya tatu, ambayo watu huitaja kwa kunong'ona. Kati ya zege na jipsamu hubaki nafasi ya kiasi cha futi moja, nayo haikai bure. Ndiyo sehemu pekee ya jengo yenye upepo mzuri na njia pana kutoka chumba hadi chumba. Panya wanaoishi humo wana utulivu ambao nimeuonea wivu usiku mwingi. Hawana amana, hawana tokeni, na wakicheza mbio usiku wa manane mpangaji hukumbushwa kwamba si mpweke duniani.

Vigae vya sakafuni nitavipita upesi: vikikauka hung'aa, vikilowa huangusha, na kwa hiyo humzoesha mtu kutembea kwa staha.

Ukuta unastahili kituo. Majengo mengi ya Nairobi husimama kwa mawe ya Ndarugo, yanayokatwa kwa mashine machimboni kule Juja na kuletwa kwa lori. Ni jiwe la kijivu, zito, lenye uso wa kupendeza. Fundi hulifunika kwa plasta. Juu ya plasta hupaka skimu nyeupe, na juu ya skimu rangi ya krimu. Mpangaji akihamia huona ukuta umekosa haiba, kwa hiyo huenda Eastleigh akanunua wolpepa, karatasi ya plastiki yenye gundi mgongoni, iliyochapishwa picha ya mawe. Huibandika juu ya rangi, iliyo juu ya skimu, iliyo juu ya plasta, iliyo juu ya jiwe. Wageni hupitisha kidole wakasema, "Hii inakaa mawe kabisa!" Na kweli inakaa mawe kuliko yale mawe yaliyo nyuma yake, ambayo hayakupata bahati ya kuchapishwa kwa rangi. Pembezoni, unyevu ukipanda, karatasi hubanduka na kujikunja kidogo, na hapo mpangaji hununua karatasi ya pili, ya matofali, kuziba pengo la mawe.

Kanuni hiyohiyo imeongoza suala la nyasi. Kaloleni wana nyasi zinazoota, zikataka kukatwa, zikachafua viatu. Roshani ya kisasa, ambayo hutosha ndoo mbili na mtu mmoja aliyesimama upande, hutandikwa zulia la nyasi za plastiki. Halinyauki wala halioti, na mbuzi wa jirani halimtii tamaani.

Kisha samani. Katika chumba cha futi 10 kwa 10 huingizwa sofa la umbo la L, kitanda cha tano kwa sita, meza ya kioo, kapeti la manyoya na televisheni ya inchi 55. Wapinzani hudai kwamba televisheni hiyo ni kubwa mno. Hawajaelewa kwamba mpangaji haitazami. Ameketi ndani yake. Kona ikipigwa, mpira humpita sikioni. Dirisha pekee, ambalo hutazama ukuta wa jirani, huvikwa pazia la safu mbili, zito na jepesi, kutoka darini hadi sakafuni na kutoka pembe hadi pembe, hata mgeni akadhani nyuma yake kuna bustani. Mgeni mwungwana hafunui pazia la mwenyeji wake. Tumeishi kwa amani juu ya msingi huo.

Nawasikia watu wa pwani wakinikumbusha nyumba za Lamu: kuta nene za matumbawe, daka la kupokea wageni, zidaka zilizochongwa kwa chokaa za kupangia vyombo vya kauri, na kiwanda cha wazi katikati. Nimezitafakari kwa uvumilivu. Zidaka nazikubali bila shida, kwa kuwa ni ukuta wa televisheni uliotangulia televisheni. Lakini kiwanda! Tundu la wazi katikati ya nyumba, linaloingiza mwanga na upepo vyumbani bila mita, bila tokeni, bila mtu yeyote kupata senti. UNESCO iliuweka mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na naamini ilifanya hivyo kwa nia njema, ili kosa hilo lihifadhiwe na vizazi vijavyo vijihadhari.

Katika upishi tumewapita hata waliokuwa mabingwa. Mwaka 1926 mwanamke msanifu, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la Frankfurt, lenye mita 1.9 kwa 3.4, akikusudia kumpunguzia mama hatua anazopiga akipika. Liliwekwa katika maelfu ya nyumba chini ya Ernst May, aliyesimamia ujenzi wa makazi mapya ya mji huo. May huyuhuyu alikuja Afrika Mashariki mwaka 1934, akalima Tanganyika, akafanya usanifu Nairobi, na katika miaka ya 1950 akarudi kwao. Aliondoka mapema. Angevumilia kidogo angeiona kazi hiyo ikikamilishwa, maana katika bedsita ya Pipeline mama hapigi hatua hata moja. Akiwa ameketi kitandani hufikia meko ya gesi kwa mkono wa kulia na sinki kwa wa kushoto, na kwa mguu hufunga mlango wa choo. Sukuma wiki ikikaangwa, kitunguu huingia katika shuka, katika pazia, katika suti ya Jumapili na katika kapeti la manyoya, ambalo hukitunza hadi kitunguu kingine kipatikane. Huko kazini wenzako hawakuulizi ulikula nini jana.

Bafu na choo ni mahali pamoja, na hapa wabunifu walipata msukumo wa kweli. Shawa ya maji moto hutundikwa juu ya choo, hivyo mtu humaliza haja zote za mwili bila kuhama. Shawa yenyewe ni ya hoteli kubwa, pana, ya kung'aa, yenye taa ndani. Maji tu ndiyo hayapandi. Yanatoka mbali, mengi yake Bwawa la Ndakaini kule Murang'a, hufika jijini yakagawiwa mitaa kwa zamu, na zamu yetu ikifika huingia tanki la chini yakaingoja pampu, nayo pampu ikaingoja stima. Kwa hiyo mpangaji hununua mtungi wa lita 20 kwa kijana wa mkokoteni, ambaye huupandisha begani hadi ghorofa ya saba, kisha huoga kwa kopo, chini ya shawa. Baadhi yetu huiwasha ile taa yake wakati wa kuoga. Mimi ni mmojawapo, na nakiri kwamba maji ya kopo yakipita katika mwanga wa buluu huonekana ya gharama.

Haya yote yangebaki siri yetu lau si vijana wa video za nyumba. Nimemshuhudia mmoja kazini. Alifunga pazia, akawasha taa zote, akaingia chooni akarudi kinyumenyume hadi mgongo ukagusa vigae, akainua simu yake yenye jicho pana hadi ikagusa jipsamu, na futi 10 zikawa uwanja wa michezo. "Wadau, cheki hii keja," akaanza, na muziki ukafunika kelele za kisiagi kinachosaga mahindi pale chini. Kitanda kilionekana kidogo, kipo mbali, ng'ambo ya kapeti. Mwenye chumba aliitazama video hiyo mara kadhaa akasema angependa kuhamia huko.

Nami nilipotafuta nyumba niliongozwa na video. Nilimlipa ajenti ada ya kuonyeshwa, nikapanda ngazi, nikaonyeshwa chumba kingine, kwa kuwa kile cha kwenye video kilikwisha kuchukuliwa. Baadaye nikafahamu kwamba kilikuwa kimechukuliwa tangu kabla ya video kupigwa. Sikuona vibaya. Jumba la makumbusho nalo hutoza kiingilio, wala hakuna anayedai kupewa sanamu aondoke nayo.

Sura ya nje haikusahauliwa: roshani zilizofungwa kwa vyuma vya maua, vioo vya buluu, krimu juu na rangi ya damu ya mzee chini, ili tope lisionekane. Hata serikali imechangia urembo huo. Baada ya jengo la Huruma kuporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40, wakaguzi walipita mitaani na rangi nyekundu wakichora alama ya X kwenye majengo waliyoyaona si salama. Desemba 2019 jengo jingine likaanguka Tassia. Wako waliodhani kwamba X ni amri ya kuhama. Wako wenye ploti walioielewa kuwa ni maoni kuhusu rangi, nao wakajibu kwa rangi. Palipopakwa mkono mmoja tu wa krimu, ile X bado huonekana kwa mbali, waridi hafifu, hasa mvua ikinyesha; na ndani, jipsamu mpya imekwisha kufungwa ili nyufa zisimsumbue mtu. Kodi haikushuka. Naona hapo ushahidi wa imani.

Wanaotucheka kutoka Kilimani na Kileleshwa ningewaomba wasogee dirishani. Fleti mpya ya jirani imewafikia. Mpishi wa huko anawapungia mkono. Wao pia wana kisiwa cha marumaru jikoni na lori la maji getini. Nawe msomaji, usijifiche nyuma ya gazeti. Usiku watoto wakishalala umeitazama dari yako ukaiona bapa mno. Umekwisha kuhesabu bodi kwa vidole. Katika simu yako kuna picha ya ukuta wa mbao za mistari uliyoihifadhi bila kumwambia mkeo, na katika simu ya mkeo kuna picha hiyohiyo. Huna haja ya kuona haya. Ugonjwa huu hauna aliyepona, na wanaosema wamepona wanapungukiwa na fedha tu.

Kwa sasa mwenye ploti yetu anaongeza ghorofa ya tisa, juu ya paa tulikokuwa tukianikia nguo. Nondo zimekwisha kusimamishwa katikati ya kamba, na juzi shati langu jeupe lilishushwa likiwa na mstari wa kutu ambao umelipa tabia. Tangu sasa tutaanika chumbani, kwenye fremu ya jipsamu, ambayo fundi ameahidi kwamba inabeba hadi suruali mbili za jinzi, zikikamuliwa vizuri. Vyumba vipya vitakuwa na dari ya ngazi nne. Zege bado bichi na ngazi za kupandia hazijafika huko, lakini taa za zambarau zimekwisha kupimwa. Anayetaka nafasi asikawie: video iko tayari, amana ni ya miezi miwili, na ada ya kuonyeshwa hairudishwi.